Mdogo wangu alikiri kosa Texas kwa ushauri wa wakili, sasa anafukuzwa Marekani. Kukiri huko kunaweza kufutwa?

#1 Nyota ya Meru
Wakuu habari zenu. Naomba mwongozo, hasa kwa mlioko Marekani na wanasheria.

Mdogo wangu yuko Texas na grini kadi, ana mke na watoto wawili waliozaliwa kule. Aliingia Februari 2011 kwa bahati nasibu ya viza. Oktoba 2019 polisi walimsimamisha barabarani wakakuta kwenye gari vidonge vya maumivu, vile vikali visivyouzwa bila cheti cha daktari, na cheti hana. Gari walikuwa wanalitumia wawili, yeye na mwenzake wa kazini. Hakuwa na hela ya wakili, mahakama ikampangia wa bure. Walizungumza koridoni asubuhi ya kesi, basi. Wakili akamwambia: kiri, jaji hatakutia hatiani, atakuweka chini ya uangalizi, ukimaliza muda bila tatizo shauri linafutwa. Mdogo wangu akauliza habari ya grini kadi. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, maadamu hajatiwa hatiani uhamiaji hawana cha kumfanya.

Akakiri. Akamaliza uangalizi, akalipa kila walichomdai, shauri likafutwa kweli. Mwaka huu amekuja kumzika mama. Aliporudi, uwanja wa ndege wakaliibua faili lile lile, wakamnyang'anya kadi. Sasa yuko mahabusu ya uhamiaji anasubiri kesi ya kuondolewa nchini.

Mtu aliyekiri kwa mdomo wake mbele ya jaji anaweza kurudi akasema nilikiri kwa sababu wakili alinipotosha? Kuna aliyewahi kufanikiwa?

#2 Daluga
Pole sana dada kwa msiba, na haya mengine juu yake. Naweka kambi hapa, wataalamu waje.

#3 Kibaoni
Pole. Ila tuambizane ukweli. Ukishasimama kizimbani ukasema "ni kweli", umejifunga. Hata hapa nyumbani Tanzania aliyekiri hana rufaa. Mawakili wa bure wanabebeshwa lawama zote wakati vidonge vilikuwa ndani ya gari.

#4 Kisiki cha Mpingo
Kibaoni, kwa upande wa nyumbani umesema nusu.

Kifungu cha 360(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba tulizozoea, kinamzuia aliyekiri kukata rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Lakini kuna Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri ya 1983, na humo kuna milango minne: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, alikiri kwa kukosea au kutoelewa, hati ya mashtaka haina kosa linalojulikana kisheria, au hata kwa maelezo yale yale aliyoyakubali, asingeweza kutiwa hatiani.

Nimesimamia rufaa ya kijana wa dukani aliyeshtakiwa kumwibia mwajiri. Kuulizwa, akajibu: "Ni kweli nilichukua, maana alikuwa hajanilipa mshahara wangu." Hakimu akaandika amekiri, kijana akaenda jela. Mahakama Kuu ilimtoa, kwa sababu mtu anayesema nimechukua haki yangu hajakiri wizi.

Angalieni lakini: katika milango hiyo wakili hatajwi. Wengi wanaokiri katika mahakama zetu za chini hawana wakili kabisa. Swali la dada ni la namna nyingine, na Marekani wana njia yake. Waje wa kule.

#5 Tai wa Texas
Nipo. Dada, pole sana. Mimi si wakili, nafanya kazi ofisi ya mawakili wa uhamiaji huku, na hadithi ya mdogo wako naijua kwa wengi.

Kwanza, alichoambiwa ni sahihi kwa sheria ya Texas na ni makosa kabisa kwa sheria ya uhamiaji. Texas ina utaratibu ambapo jaji anapokea kukiri, anaahirisha kumtia mtu hatiani, anampa uangalizi, na mwisho anafuta shauri. Kwa Texas hujatiwa hatiani. Lakini sheria ya shirikisho ya uhamiaji ina tafsiri yake: ukikiri, na jaji akakuwekea adhabu yoyote au kizuizi chochote cha uhuru, umetiwa hatiani. Uangalizi unatosha. Kufutwa baadaye hakubadilishi kitu. Na kosa la dawa zinazodhibitiwa linamwondoa mwenye grini kadi, isipokuwa kupatikana mara moja na bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yako mwenyewe. Vidonge havimo.

Pili, jibu la swali lako ni ndiyo, inawezekana. Kesi ya kuanzia ni Padilla dhidi ya Kentucky, Machi 31, 2010. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kutamfukuzisha. Pale ambapo sheria iko wazi, ushauri nao uwe wazi na sahihi. Ya mdogo wako iko wazi kama mchana.

#6 Chumvi ya Uvinza
Padilla huyu si ndiye yule waliyemkamata Chicago 2002 kwa habari za bomu la mionzi? Huyo kesi yake ilikuwa ya ugaidi, mbona mnaichanganya na vidonge.

#7 Shamba Darasa
Hapana mkuu, ni watu wawili wenye jina moja. Yule wa Chicago ni raia wa Marekani. Huyu wa Kentucky alizaliwa Honduras, alikuwa na grini kadi zaidi ya miaka 40, alipigana Vietnam na jeshi la Marekani, akawa dereva wa lori. Alikamatwa na shehena ya bangi kwenye tela. Wakili wake alimwambia asihangaike na mambo ya uhamiaji kwa vile amekaa nchini muda mrefu. Soma tena maneno aliyoambiwa mdogo wake Nyota, utaona ni wimbo ule ule.

#8 Nyota ya Meru
Asanteni sana. Tai, kwa hiyo akionyesha kwamba wakili alimpotosha, kukiri kunafutwa?

#9 Tai wa Texas
Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Kuna sehemu mbili na zote lazima zitimie.

Kipimo kinatoka Strickland dhidi ya Washington ya 1984. Sehemu ya kwanza: utendaji wa wakili ulishuka chini ya kiwango kinachokubalika. Sehemu ya pili: kosa lake lilikuumiza, yaani kuna uwezekano wa maana kwamba bila kosa hilo mambo yangekuwa mengine. Mwaka 1985, katika Hill dhidi ya Lockhart, kipimo hicho kikapelekwa kwa waliokiri: uonyeshe kwamba ungeelezwa vizuri usingekiri, ungetaka kesi isikilizwe mpaka mwisho.

Na Hill mwenyewe alishindwa. Wakili alimpa taarifa potofu kuhusu lini angestahili kutoka kwa msamaha wa masharti, lakini kwenye maombi yake hakuandika popote kwamba angejua ukweli angekataa kukiri. Washington wa Strickland naye alishindwa, na akauawa mwaka huo huo wa 1984. Majina yao yamebaki kwenye kipimo, wao wenyewe hakikuwasaidia. Ndiyo maana nakuambia mapema: kuthibitisha kwamba wakili alikosea ni nusu ya safari, tena nusu nyepesi.

#10 Kibaoni
Ndiyo nilichokuwa nasema. Kila aliyefungwa atasema "ningejua nisingekiri". Nani asiyeweza kusema hivyo akishaona ndege inawashwa? Mahakama zikikubali maneno hayo hakuna hukumu itakayosimama.

#11 Daluga
Kibaoni leo umeamkia ofisi ya DPP nini? 😂 Mwache dada apumue.

#12 Mjukuu wa Lamu
Salaam kutoka Minnesota. Kibaoni ana hoja, msimcheke. Nawapa kisa cha mwenzangu wa kazini, Mkenya kama mimi.

Alikiri wizi wa dukani, wakili akamwambia ni kesi ndogo. Akapewa kifungo cha mwaka mmoja, chote kimesimamishwa, hakulala jela hata usiku mmoja. Kumbe kwa uhamiaji wizi wenye kifungo cha mwaka mmoja au zaidi unaingia kwenye kundi la makosa mazito kabisa, na kifungo kilichosimamishwa kinahesabiwa kama kimetumikiwa. Siku 364 zingemwokoa. Siku moja, jamani! California, Washington na New York zilishabadilisha sheria zao ili adhabu ya makosa madogo isifike siku 365, kwa sababu hii hii.

Alirudi mahakamani akalalamikia wakili. Jaji akafungua rekodi: siku ya kukiri aliulizwa kama anaelewa kwamba asiye raia anaweza kufukuzwa, akasema naelewa. Akaulizwa kama ameridhika na wakili, akasema nimeridhika. Ombi likatupwa. Kwa hiyo dada atafute kwanza rekodi ya siku ile. Texas nayo jaji analazimika kutoa onyo hilo.

#13 Shamba Darasa
Mjukuu wa Lamu, hiyo ilikuwa kabla au baada ya Juni 2017? Inaleta tofauti.

Juni 23, 2017 ilitoka Lee dhidi ya Marekani. Jae Lee alizaliwa Korea Kusini, akaletwa na wazazi 1982 akiwa na miaka 13, akafungua migahawa Memphis. Alikutwa na vidonge 88 vya ekstasi, dawa ya kulevya, fedha taslimu na bunduki yenye risasi. Ushahidi ulikuwa umemkaba kila upande. Alimuuliza wakili tena na tena kama atafukuzwa, wakili akamhakikishia hapana. Mbele ya jaji lilitolewa onyo kama la mwenzako, na jaji akamuuliza kama jambo hilo linaathiri uamuzi wake. Lee akasema ndiyo. Kuulizwa linaathiri vipi, akamgeukia wakili, na wakili akamwambia hilo ni onyo la kawaida tu. Akakiri.

Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 2. Onyo la jaji halikumfunga, kwa sababu wakili alilifuta pale pale.

#14 Kibaoni
Shamba Darasa, Lee alisema "ndiyo linaathiri" MBELE YA JAJI. Liko kwenye rekodi. Mdogo wake dada alisema nini mbele ya jaji? Msimpe mtu matumaini kwa kesi isiyofanana na yake.

#15 Tai wa Texas
Kibaoni umegusa penyewe. Katika Lee mahakama iliandika kwamba haitabatilisha kukiri kwa madai ya baadaye peke yake. Inataka ushahidi wa wakati ule ule unaoonyesha mtu alijali nini. Hofu yako ya kila mfungwa kubuni hadithi ndiyo waliyoijibu.

Dada Nyota, naomba haya:
Alikuwa ndani au nje kwa dhamana siku anakiri?
Yule mwenzake wa gari alishtakiwa?
Kuna mtu mwingine alisikia, au alielezwa siku ile, kile wakili alichosema?
Mwaka 2019 mke na watoto walikuwepo tayari?

#16 Mwana wa Uvira
Yambo ndugu zangu. Mimi natafsiri Kiswahili mahakamani huku Ohio, wateja wangu wengi ni wakimbizi wa kwetu Kongo. Mniruhusu niseme kuhusu hayo maswali ya jaji mnayoyategemea sana.

Yanasomwa mbio. Unaelewa kwamba unaachia haki ya kusikilizwa na baraza la wazee wa mahakama? Unaelewa kwamba unaachia haki ya kuwahoji mashahidi? Kuna mtu amekulazimisha? Umeridhika na wakili wako? Mzee wa kutoka Fizi anasimama mbele ya mkubwa aliyevaa joho, amefundishwa tangu utoto kwamba mkubwa akiuliza "umeelewa?" unajibu ndiyo. Anajibu ndiyo kwa yote. Mimi siruhusiwi kueleza, natakiwa kupeleka maneno kama yalivyo. Namwona machoni kwamba hajaelewa hata moja, na mdomo wangu umefungwa.

Na mara nyingi mkalimani yuko kwenye simu. Nilishasikia Mkenya anamtafsiria mtu wa Bukavu kwa simu inayokatika, kila mmoja anamwambia mwenzake rudia. Kwenye rekodi yanabaki maneno ya Kiingereza peke yake: yes, yes, yes.

Dada, mdogo wako alikuwa na mkalimani?

#17 Nyota ya Meru
Ahsanteni, ndugu zangu. Nimeongea na wifi yangu usiku wa kwao.

Alikuwa nje kwa dhamana, bosi wake ndiye aliyemlipia. Mwenzake wa gari hakushtakiwa, alihama jimbo. Mtoto wa kwanza alikuwepo, wa pili alikuwa tumboni. Mkalimani hakuwa naye, Kiingereza anakiongea vizuri. Wifi anasema siku ile alikuwa kazini, mume wake alimtumia ujumbe kutoka mahakamani kumweleza alivyoambiwa, ila simu ile ilishakufa na hajui kama ujumbe unapatikana.

#18 Tai wa Texas
Kuwa nje kwa dhamana ni jambo kubwa. Wengi wanakiri ili walale nyumbani usiku ule, na upande wa mashtaka wanasema hicho ndicho kilichomkirisha, kadi haikuwa akilini mwake. Kwake hawawezi kusema hivyo. Halafu gari la watu wawili: Texas lazima waonyeshe alijua vidonge vipo na vilikuwa chini ya mamlaka yake. Kuwemo garini peke yake hakutoshi. Alikuwa na kesi ya kupigania, si kama Lee aliyeshikwa na kila kitu. Huo ujumbe utafuteni kwa udi na uvumba, hata kwa fundi wa simu, hata kama ulihifadhiwa kwenye akaunti yake ya mtandaoni.

#19 Kisiki cha Mpingo
Mwana wa Uvira umenigusa. Afrika Mashariki tulishalisema hili 1973, Adan dhidi ya Jamhuri, kesi ya Kenya iliyofika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, kisha maelezo ya kosa yasomwe na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akionyesha hayakubali, iandikwe amekana. Kwa karatasi tumewazidi Wamarekani. Kwa vitendo, nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama asubuhi ya Jumatatu nikaona watu wanapita kizimbani kama foleni ya maji.

#20 Mjukuu wa Lamu
Adan ndiyo biblia yetu Kenya mpaka leo. Na sisi pia kifungu cha 348 kinambana aliyekiri kama 360 yenu. Makubaliano ya kukiri kosa tuliyaingiza kwenye sheria 2008, nyinyi mkafuata baadaye.

#21 Chumvi ya Uvinza
Sisi ni 2019, marekebisho namba 4. Mnakumbuka Septemba ile Magufuli alipowapa wa uhujumu uchumi siku saba za kutubu na kurejesha hela? Wengi wao walikuwa hawana dhamana, mtu ameshakaa gereza la Segerea miaka, wakili gani atamwambia asikiri? Hata awe hodari namna gani atamwambia kiri utoke. Mimi nasema tatizo si wakili mbovu. Ni mahabusu.

#22 Kibaoni
Hapo Chumvi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Mtu akikiri ili atoke, lawama iende kwa aliyemweka ndani, wakili usimsakame. Huyo wa bure siku hiyo huenda alikuwa na mafaili mengi mkononi na kila mmoja anamtaka yeye.

#23 Binti wa Kilwa Road
Mmehamisha uzi Segerea sasa 😄 Turudini Texas, dada anasubiri.

Niko California. Hapa kuna kifungu cha 1473.7, kilianza Januari 2017. Hata kama ulishamaliza adhabu zamani, unaomba kukiri kufutwe kwa sababu hukuelewa madhara ya uhamiaji, na tangu 2019 sheria inasema wazi si lazima uthibitishe wakili alikuwa hafai. Shemeji yangu amepona kwa hicho. Mdogo wako akitumie.

#24 Shamba Darasa
Binti, hicho ni cha hukumu za California pekee, yeye alikiri Texas. Huko kwa aliyepewa uangalizi njia ni kifungu cha 11.072, ombi linapelekwa mahakama ile ile iliyomsikiliza. Hata aliyemaliza uangalizi anaweza kuomba, maadamu bado anabeba madhara yake.

#25 Mzee wa Kivuko
Mimi nilisoma una mwaka mmoja tu baada ya hukumu. Huyu wa 2019 si ameshachelewa?

#26 Tai wa Texas
Mzee wangu shikamoo. Mwaka mmoja ni wa hukumu za mahakama za shirikisho, kifungu cha 2255, na pia kwa anayetoka mahakama ya jimbo kwenda ya shirikisho. Huku 11.072 haina siku iliyoandikwa, ila serikali inaweza kulalamika kwamba umekawia mpaka mashahidi wamepotea. Kila jimbo lina yake, Minnesota wana miaka miwili. Kuna na ukuta mwingine: waliomaliza kesi zao kabla ya Machi 31, 2010 hawawezi kuitumia Padilla, Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2013 katika Chaidez. Wa 2019 yuko salama kwa hilo.

Dada, ongea na wakili mpya LEO. Na ajue mambo mawili kwa pamoja, jinai na uhamiaji. Wakili wa bure hawalazimiki kumpa kwa ombi la namna hii.

#27 Shamba Darasa
Jambo moja lisisahaulike, nimeona watu wanashinda Texas halafu wanashindwa kwa uhamiaji. Sababu ya kufuta ndiyo inayotazamwa. Uamuzi wa Pickering wa 2003, bodi ya rufaa za uhamiaji: hukumu ikifutwa kwa kasoro ya kisheria katika kesi yenyewe, kwa uhamiaji imekufa. Ikifutwa kwa huruma, kwa sababu mtu amejirekebisha au ili tu asifukuzwe, kwao bado ipo. Kwa hiyo ombi lisijae habari za watoto watalia. Watoto waingie kama ushahidi kwamba asingekubali kuhatarisha kadi. Na amri ya jaji itaje kasoro yenyewe: ushauri potofu wa wakili. Amri ya mistari miwili isiyo na sababu itakuja kumsumbua.

#28 Kibaoni
Na ikifutwa je? Mnamwambia dada kama vile anatoka na mabegi yake. Kesi ya vidonge inarudi mwanzo. Anaweza kusimamishwa kizimbani upya, akatiwa hatiani, safari hii akala kifungo kweli.

#29 Tai wa Texas
Ni kweli, na mtu lazima aambiwe kabla hajasaini. Inarudi shtaka la 2019. Kivitendo mara nyingi waendesha mashtaka wanakaa mezani na kutafuta kosa jingine lisilogusa uhamiaji, ushahidi wenyewe umeshazeeka. Lakini hakuna anayeweza kumhakikishia. Lee alikuwa tayari kucheza hata kwa nafasi finyu kabisa, kwa sababu kwake kufukuzwa kulizidi jela. Mahakama ikasema hilo linaingia akilini.

#30 Mama Vitumbua
Mimi si mwanasheria, nauliza kama mzazi. Huyo wakili wa kwanza mbona hamumzungumzii? Hawezi kuitwa aseme ukweli?

#31 Kisiki cha Mpingo
Swali zuri mama. Ukimlalamikia wakili wako, siri ya mazungumzo yenu kuhusu jambo hilo umeifungua, anaweza kuulizwa. Kule huombwa atoe kiapo. Wapo wanaoandika "ndiyo, sikumshauri". Wapo wanaoandika "sikumbuki, lakini desturi yangu ni kuwashauri wote". Hilo la pili ndilo gumu.

#32 Mwana wa Uvira
Na wapo wanaoogopa leseni. Nimetafsiri kiapo kimoja, wakili alilia. Alisema hakujua sheria ya uhamiaji na hakuna aliyemfundisha. Yule mteja alifutiwa.

#33 Mjukuu wa Lamu
Kuhusu mafaili mengi aliyosema Kibaoni #22: Jaji Kennedy wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika 2012, kesi ya Frye, kwamba asilimia 97 ya waliotiwa hatiani mahakama za shirikisho na 94 za majimbo wametokana na kukiri. Kesi ile yenyewe wakili hakumwambia mteja kabisa kwamba kuna pendekezo la adhabu nafuu mpaka muda wake ukaisha. Kama karibu wote wanakiri, basi koridoni ndiko kesi inakoamuliwa, na wakili wa koridoni apimwe kwa ukali ule ule wa wakili wa kizimbani. Mafaili mengi si kosa la mdogo wake Nyota.

#34 Kibaoni
Sikusema ni kosa lake. Nasema jaji ataona wakili aliyefanya kazi na mteja aliyefurahia mpango mpaka siku ulipomgeuka. Nyinyi mnaona jambo lile lile kwa upande wa familia. Jaji wa kaunti hana undugu naye.

#35 Binti wa Kilwa Road
Sijaona mtu ametaja msamaha wa jaji wa uhamiaji wenyewe. Mwenye grini kadi miaka mitano, aliyekaa nchini mfululizo miaka saba tangu aingie kihalali, na asiye na yale makosa mazito ya kundi la juu, anaweza kuomba asiondolewe. Fomu ni EOIR-42A. Kwenye miaka saba saa inasimama siku ya kosa. Februari 2011 mpaka Oktoba 2019 imezidi saba! Hapo ndipo habari za mke, watoto, kodi na kazi zinaingia kwa uzito.

#36 Tai wa Texas
Binti umeokoa jahazi, nilikuwa nakuja na hilo. Yaende yote mawili sambamba. Msamaha uko mikononi mwa jaji, anaweza kukataa, na ni mara moja maishani. Ombi la 11.072 likishinda, sababu ya kumwondoa inaanguka yenyewe. Shida ni muda: kwa makosa ya dawa sheria inawanyima wengi dhamana ya uhamiaji, na kesi za walio ndani zinakwenda haraka kuliko za mahakama ya jimbo. Wakili aombe ahirisho mapema, ingawa ombi lililoko mahakama nyingine peke yake halimlazimishi jaji wa uhamiaji kusubiri.

#37 Nyota ya Meru
Mungu awabariki. Wakili mpya amepatikana, mchango wa ukoo umelipa sehemu. Ameagiza rekodi ya siku ya kukiri, ameandaa fomu aliyoitaja Binti. Fundi amefanikiwa kuufungua uhifadhi wa simu ya wifi. Ujumbe upo, wa siku ile ile: "Wakili kasema kadi haiguswi, nikisaini nakuja nyumbani."

#38 Shamba Darasa
Huo ndio ushahidi wa wakati ule! Aliifikiria kadi kabla hajasaini.

#39 Kibaoni
Nimefurahi kwa ajili yenu dada, kwa dhati. Ila someni sentensi nzima. "Nikisaini nakuja nyumbani." Mwendesha mashtaka atashika nusu ya pili.

#40 Tai wa Texas
Alikuwa nje kwa dhamana tayari, nyumbani angekwenda kwa vyovyote. Nusu ya pili haina nguvu anayoipa Kibaoni.

#41 Kibaoni
Ina nguvu. Maana yake alitaka liishe siku ile.

#42 Kisiki cha Mpingo
Inategemea rekodi inasema nini jaji alipotoa onyo, na kama wakili alisema neno pale. Ikifika, dada utujuze.

#43 Mzee wa Kivuko
Samahani niingilie. Mjomba wangu Ohio alikiri kuendesha akiwa amelewa, ana viza ya mwanafunzi. Hilo nalo linaingia humu au nifungue uzi wangu?

#44 Mwana wa Uvira
Fungua wako mzee, uweke mwaka, kaunti na alichosaini. Nitakuja, niko jimbo hilo hilo.